Ushuhuda wa Mtu Ambaye Hajapona

Kanisani kwetu Butembo, mtu akisimama kushuhudia habari ya ugonjwa, watu hungojea neno moja: nimepona. Neno hilo mimi sina. Mapafu yangu yameharibika, na docta aliniambia wazi kwamba sehemu iliyoharibika haitarudi hadi naingia kaburini. Hata hivyo nimesimama mbele ya wamama wenzangu na kumshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu ilipita miaka ambayo sikuweza kutoka kitandani kufika mlangoni bila kushika ukuta, na leo ninapanda kilima cha kwetu kwa miguu yangu, taratibu, nikisimama ninapotaka kusimama. Wengi wameniuliza nimefanyaje. Nimeamua kuandika, maana kusema maneno mengi mfululizo bado kunanikata pumzi, na jambo lenyewe halisemeki kwa maneno machache.

Nilizaliwa na kuolewa upande wa Mbau, kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye nchi ya michikichi na kakao. Kazi yangu ilikuwa kupika mawese. Anayeyanunua sokoni huona chupa nyekundu tu. Anayeyapika hukaa kando ya pipa tangu alfajiri, ngazi za michikichi zikichemka juu ya moto wa magogo, na msimu wa mvua magogo hayo hayakauki. Kuni mbichi haziwaki vizuri. Zinatoa moshi mzito unaolala chini, usawa wa uso wa mwanamke aliyeinama. Jioni nilirudi kwenye moshi mwingine, wa mafiga matatu ndani ya jiko la udongo lisilo na dirisha, mtoto akiwa mgongoni. Tulikohoa. Mama zetu walikohoa, na mama zao. Hakuna aliyeona kuwa kukohoa kule ni ugonjwa. Sigara sijavuta hata moja, na nalisema mapema, kwa sababu hata waganga wengine wakisikia ugonjwa sugu wa mapafu huuliza kwanza habari ya tumbaku, halafu hawaulizi jambo lingine.

Kabla ya vita kutufikia niliugua kifua kikuu. Nilimeza dawa kwa miezi sita bila kuruka, makohozi yakapimwa tena, nikaambiwa nimepona. Na kweli vijidudu vilikwisha. Ambacho sikuelezwa ni kwamba TB inaweza kuondoka ikaacha makovu: mahali pengine njia za hewa zinabanwa, mahali pengine zinapanuka na kutunza makohozi yasiyotoka. Juu ya makovu hayo ukapita moshi wa pipa, mwaka baada ya mwaka.

Oktoba 2014 mauaji ya raia yakaanza kuzunguka Beni. Watu waliuawa kwa panga na shoka, vijijini na pembezoni mwa mji, na wauaji waliotajwa zaidi walikuwa ADF, kundi lililotoka Uganda na kukaa misituni kwetu tangu miaka ya 1990. Tulitoka usiku, na usiku ule ndipo nilipojua kwamba mwili wangu una jambo. Wazee walinipita njiani. Mwanamke mwenye mimba kubwa alinipita. Mume wangu alibaki nyuma kuangalia nyumba, na hakufika Beni.

Mjini Beni tulipokelewa na familia ya kanisa, watu wengi ndani ya vyumba viwili, jiko la makala likiwaka humo humo. Baadaye yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeuza vipuri vya pikipiki Butembo, alituma ujumbe: "Njoo huku, dada. Huku watu bado wanalala." Ni kilomita 54 tu kwenda kusini. Lakini Butembo iko juu, karibu mita 1,800, wakati Beni iko kwenye mita elfu moja na kitu. Asubuhi ukungu hulala juu ya mtaa wa Kambali, mikaratusi hudondosha maji, na watu hutembea na makoti. Wenyeji wanaipenda hewa ile. Mimi ilinishinda. Nilikuja kuelezwa sababu: kwenye urefu ule, pumzi moja ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pumzi ya mtu aliye Mombasa kando ya bahari. Mwenye mapafu mazima huzoea. Mwenye mapafu yaliyopungua huona upungufu huo kwenye kila hatua. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi linalorushwa na pikipiki, ongeza moshi wa jenereta za umeme mbele ya maduka, utaelewa kwa nini nilianza kukaa ndani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhangaishwa. Majirani walisema nimelishwa sumu. Kwetu, mtu akikohoa na kukonda kwa muda mrefu, mkono wa adui hutafutwa kabla ya dawa. Nilinyweshwa majani ya kutapisha hadi nikazimia. Wengine walinifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mikaratusi. Mwenye mafua huona nafuu kwa mvuke ule. Mimi kifua kilifunga zaidi. Kituo kimoja cha afya kilinianzishia upya dawa za kifua kikuu bila kupima makohozi, kwa kuwa niliwahi kuugua. Na muuza dawa mmoja sokoni alikuwa akiniuzia prednisoloni, vidonge vya kuhesabu kwenye karatasi. Hivyo vilifanya kazi, na hapo ndipo palipo hatari yake. Nilipumua, nikala, nikashukuru. Baada ya muda uso ukavimba, ngozi ya mikono ikawa nyembamba hadi inachanika kwa kuguswa, nguvu za mapaja zikaisha. Vidonge vilipokosekana ghafla nilianguka sokoni. Dawa ile ina kazi yake, siku chache tu wakati wa shambulio, kwa amri ya muganga. Kuimeza mwezi baada ya mwezi bila mtu anayekufuata ni kujenga ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, na hapa Butembo na Beni naona watu wengi wenye nyuso zile zilizojaa. Nikiwaona nawasimamisha na kuwaambia.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ikatangaza Ebola, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Hadi leo nikikutana na mtu wa Kinshasa au wa nchi nyingine anayetuuliza kwa nini tulikuwa wagumu, huwa namwomba akae chini kwanza. Watu waliokuwa wakichinjwa tangu 2014 bila msaada waliona magari mengi yakija ghafla kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Februari 2019 vituo vya kutibu Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya juma moja. Tarehe 19 Aprili, Docta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi kwenye Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa hapa mjini. Alikuwa ameacha kwao kuja kutusaidia. Nililia siku ile, na bado linaniuma.

Wakati ule, mtu akikohoa barabarani, nafasi ilifunguka pande zote. Kwenye vizuizi vya barabara kati ya Beni na Butembo kila abiria alishuka, akanawa maji ya klorini, akapimwa joto. Maji yale yaliokoa wengi. Lakini harufu yake ilinibana kifua kabla hata sijafika, nami nikasimama mbele ya kipimajoto nikihema, jasho likinitoka, foleni nzima ikinitazama. Joto langu lilikuwa la kawaida. Wakanipitisha, na ndani ya gari hakuna aliyekaa karibu nami. Nilipopata shambulio nyumbani sikupelekwa popote, kwa sababu nilikataa kwa mikono yote miwili. Niliamini kwamba mtu anayeingia akihema hatatoka. Muuguzi mmoja wa kituo cha jirani alikuja hadi mlangoni, akanisalimia kutoka mbali, akarudi. Simlaumu. Wauguzi wenyewe walikuwa wanaambukizwa na kufa.

Ebola ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287 kati ya 3,470 walioambukizwa. Katika hesabu hiyo hawamo waliokufa majumbani kwa pumu, kwa shinikizo la damu, kwa uzazi, kwa sababu waliogopa kwenda hospitali au waliogopwa walipofika. Ninawakumbuka baadhi yao kwa sura.

Mtoto wangu wa kwanza, msichana, alikuwa anasomea uuguzi. Mwaka huo huo, mambo yalipotulia kidogo, alinishika mkono akanipeleka kwa docta mmoja ambaye hakuanza na vipimo. Alianza na kuuliza. "Mama, ulipikia wapi? Kwa kuni za namna gani? Kwa miaka mingapi? Ukipanda kilima unasimama mara ngapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza nilipikia wapi. Nilipomweleza habari ya pipa la mawese aliweka kalamu chini, akanisikiliza hadi mwisho.

Alituma makohozi maabara, TB hakuna. Picha ya kifua ikaonyesha makovu ya zamani, na mapafu yaliyojaa hewa isiyotoka. Akanipa kipimo kidogo cha plastiki chenye mshale, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, akaandika namba. Akanivutisha salbutamoli, tukangoja robo saa, nikapuliza tena. Namba ilipanda kidogo tu. "Ingekuwa pumu peke yake ingepanda zaidi," alisema. Kwenye karatasi aliandika BPCO, kisha akanieleza kwa Kiswahili: ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. "Taabu yako, Mama, si kuingiza hewa. Ni kuitoa. Hewa ya zamani imekaa ndani, na mpya haipati mahali."

Maneno yale yalinipa kitu ambacho dawa zote za nyuma hazikunipa. Si sumu. Si jirani. Si TB iliyorudi. Aliniambia pia kwamba siko peke yangu, na baadaye nilikuja kujua hesabu yenyewe: mwaka 2021 ugonjwa huu ulikuwa wa nne kwa kuua duniani, na Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 3.5. Tena wanaokufa kabla ya miaka 70, karibu tisa katika kila kumi, ni watu wa nchi zetu zenye kipato kidogo na cha kati. Ng'ambo ya mpaka, wilaya ya Masindi nchini Uganda, watafiti waliwapulizisha watu wa vijijini wenye zaidi ya miaka 30 kwenye mashine, wakakuta zaidi ya 16 katika kila mia wana ugonjwa huu, wanawake wakiwazidi wanaume kidogo. Matokeo yalitolewa 2015. Wengi wao hawakuwa wanajua. Masindi wanapika kwa kuni, nasi tunapika kwa kuni.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa hospitali yangu.

Nilipewa pampu mbili, na ni lazima nizieleze, kwa sababu watu wengi wanazichanganya. Moja ni salbutamoli, inayofungua njia kwa haraka, ya kuvuta wakati wa kubanwa. Nyingine ni ya beklometasoni, inayopunguza uvimbe wa ndani polepole. Docta alinipa kwa kuwa nilikuwa napata mashambulio mengi na kifua changu kina tabia ya pumu pia. Ya pili huisikii ikifanya kazi, ndiyo maana watu huiacha. Ukishaivuta unasukutua kinywa na kutema, la sivyo ulimi unaota utando mweupe.

Kuvuta pampu si kupuliza dawa kinywani. Docta alinitazama nikivuta, akaona dawa yote inagonga koo na kutoka tena puani. Akachukua chupa ya maji ya plastiki, ya nusu lita. Mtoto wangu akapasha waya moto, akakata kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, akaingiza pampu, akaziba pembeni kwa plasta. Shingo ya chupa inaingia kinywani kwangu. Unatikisa pampu, unatoa hewa yote iliyo ndani, unabonyeza mara moja, unavuta polepole, unashikilia hadi kuhesabu kumi, unatoa. Ndipo unabonyeza tena. Nilidhani ni mbinu ya maskini tu. Kumbe Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu, wakachapisha mwaka 1999 kwamba chupa ya nusu lita iliyotengenezwa nyumbani inafanya kazi vizuri sana. Haihitaji umeme, na hilo kwetu ni jambo kubwa, kwa sababu mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke ni ya mtu mwenye stimu usiku na mchana. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni kila juma na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, ili dawa isinate ukutani.

Pampu ya salbutamoli ina dozi 200. Watu huitumbukiza majini waone kama inaelea, na njia hiyo inadanganya. Vilevile pampu inaweza kutoa upepo mtupu huku dawa imekwisha. Sisi tunaandika kwenye kalenda iliyo ukutani. Anayenivutisha anaweka alama.

Kisha moshi. Yaya alibomoa jiko la nyuma, akasimamisha bati juu ya miti minne bila kuta. Kijana wangu wa mwisho ndiye anayewasha moto, nami nakatakata sombe upande ambao upepo unatoka. Mwanzoni watu walimcheka mvulana anayepika. Hawamcheki tena. Maharagwe tunayaloweka usiku kucha ili yasile makala mengi, sufuria inafunikwa, na kuni haziingii motoni kabla ya kukauka kabisa. Gesi tunaitamani, lakini bei yake haijatufikia. Na hapa naomba kusema jambo kwa watu wa Butembo wote, wagonjwa na wazima: usiku wa baridi msiingize jiko la makala chumbani na kufunga mlango. Makala yakiungua hutoa hewa isiyo na harufu wala moshi, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Sehemu iliyonishangaza zaidi ni miguu. Nilidhani mtu mwenye mapafu mabovu anatakiwa kukaa. Docta alisema kinyume: misuli isiyotumika inadai oksijeni nyingi kwa kazi ndogo, kwa hiyo anayekaa anazidi kukosa pumzi. Kule Mulago, Kampala, watu waliobaki na makovu ya TB walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa juma kwa majuma sita, na walitoka wakitembea mbali zaidi kuliko walivyoingia. Mimi sikwenda Kampala. Nilianza kwa kuinuka na kukaa kwenye kiti, mikono kifuani, asubuhi na jioni. Halafu hadi kwa jirani. Halafu hadi kwenye bomba. Ninapopanda, navuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kupitia midomo iliyobanwa, kama mtu anayepooza uji wa moto. Kwa namna hiyo njia za hewa hazifungi mapema na ile hewa ya zamani inapata kutoka. Mzigo mgongoni kwa kamba ya kipaji, kama tulivyofundishwa na mama zetu, nimeuacha kabisa. Ndoo ndogo mkononi inatosha.

Chakula nakula kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo lililojaa linasukuma mapafu juu. Fufu kidogo, maharagwe, sambaza wakipatikana, mawese. Ndiyo, mawese bado nayapenda.

Docta alituandikia pia karatasi ya siku mbaya, na mtoto wangu akaibandika ukutani juu ya kitanda. Nikihema kuliko kawaida, makohozi yakiongezeka, rangi yake ikigeuka kutoka nyeupe kuwa ya manjano au kijani: salbutamoli iongezwe, tumpigie muuguzi simu, na dawa za siku tano ambazo docta alituachia zianze kwa ruhusa ya muuguzi huyo. Midomo ikiwa ya buluu, mgonjwa akisinzia ovyo au kushindwa kumaliza sentensi: hospitali, bila kungoja.

Lakini bila kungoja ni neno la nchi yenye usiku. Kwetu usiku una wenyewe. Beni imeishi miaka mingi na amri ya kutotoka usiku, na 6 Mei 2021 jimbo letu lote likawekwa chini ya hali ya kuzingirwa, likiongozwa na wanajeshi. Siku moja nilikuwa nimeshuka Beni kwa kilio cha shangazi yangu. Chumba tulicholala kilikuwa karibu na moto wa wafiwa, na kati ya usiku kifua kikafunga. Upande wa mashambani risasi zilikuwa zinasikika. Hakuna mwendesha pikipiki ambaye angetoka, na hatukumwomba yeyote atoke. Mtoto wangu alinikalisha ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, akafungua dirisha, akanitoa mbali na moshi. Akabonyeza pampu kwenye chupa, dozi moja, nikavuta mara kadhaa, akabonyeza tena. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, hadi dozi kumi, kisha tukangoja, kisha tena. Hakulia wala kuniuliza maswali. Niliona wazi kwamba woga wenyewe hula hewa, na sauti yake ilinitoa kwenye woga. Zile dawa za siku tano zilikuwa kwenye mkoba wangu. Muuguzi alipokea simu, akakubali, nikameza ya kwanza. Jua lilipotoka tulikwenda hospitali ya mjini. Wakanibana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, wakanipa oksijeni kwa kipimo, wakiichunga namba ibaki kati ya 88 na 92. Mtoto wangu mwenyewe aliwakumbusha kwamba kwa mgonjwa wa namna yangu oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kumlaza asiamke. Walimshukuru. Kwa fahari ile ningeweza kupanda kilima.

Kama usiku ule ningekuwa ni yule mtu wa 2018, mwenye vidonge vya sokoni na hofu, wangenizika pamoja na shangazi. Ndiyo sababu nasema kwamba kwetu Beni na Butembo, mwenye ugonjwa huu anaishi au anafariki kwa mambo yanayofanyika nyumbani kabla ya mapambazuko. Hospitali nzuri tunazo, na madaktari wenye moyo tunao. Wanaanza kazi kwetu asubuhi.

Vita havijatuachia. Juni 2024 mji wa Kanyabayonga ulianguka mikononi mwa waasi wa M23, na watu wa kusini mwa Lubero wakamiminika kuelekea Butembo. Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa. Ofisi za jimbo zikahamia Beni, na njia ya bidhaa kutoka Goma ikafungwa. Sasa dawa nyingi zinatufikia kupitia Kasindi, kutoka Uganda, na bei inapanda kila barabara inapotikisika. Mwanamke anayelima kibarua hawezi kununua pampu moja kwa malipo ya siku moja. Wamama wa kanisa letu walifanya jambo ambalo sikuliomba: kwenye likelemba yetu, mchango wetu wa kupokezana, waliweka sanduku dogo la pembeni kwa ajili ya pumzi. Pampu inanunuliwa kabla ile ya zamani haijakwisha, kwangu na kwa wengine tuliowagundua baada ya mimi kushuhudia. Mmoja wao ni mkimbizi wa Eringeti, naye mpika mawese. Nyumba kwa nyumba tunafundishana kuvuta dawa kwenye chupa. Anayekohoa zaidi ya majuma mawili tunampeleka kwanza akapimwe TB, bila kubahatisha.

Salbutamoli, na dawa ya kuvuta ya jamii ya beklometasoni, zimo kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Naomba zionekane kwenye kila kituo cha afya kuanzia Oicha hadi Lubero, zote mbili, mwaka mzima, kwa bei ambayo mkulima anaweza. Naomba wauguzi wetu wafundishwe kumuuliza kila mwanamke anayekohoa: Mama, ulipikia wapi? Nawe unayesoma, kama mama yako anasimama katikati ya kilima akijifanya anatazama mashamba, usimwache asimame hivyo mwaka mwingine. Mpeleke akapimwe juma hili.